Tela la Mchicha

Asubuhi ile nilikuwa chini ya lori naziba pancha, na mtu aliye chini ya lori hataki salamu. Mtaa wetu ulikuwa umeegesha Ubungo, pale penye stendi ya zamani. Nikisema mtaa wetu usidhani nyumba zimejengwa chini. Tangu visima vya Dar vikauke, anayekaa pahali pamoja anavamiwa, basi kila mtaa umepandishwa kwenye magurudumu: vyumba vya mabati juu ya malori, jiko juu ya lori, msikiti juu ya lori, kanisa nyuma yake. Sie ni Kinondoni. Mie Bupe ndiye dereva wa lori la mbele, wengine wote wananifuata, na nyuma yangu navuta tela la udongo tunamolima mchicha.

Watoto walikuwa wanacheza rede. Jirani yangu, dada Kokushubila, alikuwa anamnyoa ndevu mumewe, Revelian, na wote wawili wanabishana kuhusu wembe butu. Ndipo Chang'ombe wakatokea. Mtaa wao ni chuma kitupu, vyuma vya viwandani vilivyochomelewa mbele ya malori. Hawakuja kuongea. Walitugonga ubavuni, wakabeba matangi yetu ya maji, wakaondoka. Revelian alibanwa kati ya malori mawili. Alikufa na povu la sabuni kwenye shavu moja.

Hapo ndipo tulipokosea. Sheria yetu ni kwamba anayekufa anazikwa alipofia, mtaa unaondoka. Dada Koku akakataa. Kwao Bukoba mtu hazikwi njiani, anazikwa nyumbani kwake, migombani. Mwenyekiti wetu, Mzee Fredrick, akaitisha kikao. Dunia imeisha, umeme umeisha, serikali sijui iko wapi, lakini vikao havijaisha. Nikawaambia maji yaliyobaki ni ya kutufikisha Gongo la Mboto tu, kwenye kisima cha mwisho tunachokijua, tukichelewa tunakufa. Nani anisikilize? Wakaamua kwamba nyumbani kwa Revelian ni huu mtaa, na udongo pekee wa mtaa huu uko kwenye tela la mchicha. Wakamzika humo, nyuma ya kiti changu.

Tukashika barabara ya Mandela. Kabla hatujafika Buguruni usukani ukaanza kuvuta kushoto. Nikasema ni tairi. Nikashuka, nikapima upepo, uko sawa. Nikaingia chini, nikatikisa kila kilichotikisika, kiko sawa. Nikiwa chini nikaona kwamba ni tela ndilo linalovuta lori, si lori linalovuta tela. Linavuta upande wa Chang'ombe. Nikarudi kwenye kiti, nikafunga mlango, sikumwambia mtu.

Tukalala njiani, na kesho yake mchicha ulikuwa umefika magotini. Mbegu tulizimwaga juzi tu. Majani mapana, mabichi, na sie midomo imepasuka kwa kiu. Watu wakashangilia, wakachuma, wakapika. Mie sikula. Nilisema wazi kabisa, nile mboga iliyoota kifuani kwa jirani yangu? Wakanicheka, wakasema Bupe ana maringo ya kishamba. Mzee Fredrick akaongeza sahani ya pili.

Walipomaliza kula, hakuna aliyetaja tena Gongo la Mboto. Mama mmoja tangu asubuhi alikuwa analilia tone la maji kwa ajili ya mwanawe. Sasa amemlaza mtoto juani, ananoa panga. Kikao kiliitishwa na kuisha kabla sijafika. Mikono yote juu: twende Chang'ombe, tukalipize. Nikawauliza tutapigana na nini, na madumu matupu? Mzee Fredrick akanitazama kana kwamba hajawahi kuniona.

"Revelian anataka," akanong'ona.

Nilitamani kulia kwa hasira. Unaongea na watu uliokula nao miaka, na macho yao hayakuoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulifika makutano ya TAZARA jua likiwa la utosi. Mbele ni Chang'ombe. Kulia ni Gongo la Mboto. Nikakata kulia. Usukani ukagoma. Nikauning'inia kwa uzito wangu wote. Ukarudi. Nikazima injini. Lori likaendelea kutambaa, taratibu, kwenda mbele. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Likasimama.

Mtaa mzima ulikuwa umelala kwa joto, ila madereva wa nyuma, na hao hufuata lori langu tu bila kuuliza. Nikachukua nyundo, nikapanda kwenye tela.

Dada Koku alikuwa amepiga magoti katikati ya mchicha, kichwa wazi. Mkononi ana jagi lake, mgawo wake wa maji wa siku ile. Alikuwa analimimina kwenye udongo. Midomo yake imepasuka mpaka inatoa damu. Nikajua hajanywa tangu mazishi.

"Dada Koku, hayo ni maji yako ya kunywa."

"Anayataka yeye," akanong'ona.

"Atatuua sote."

"Kwanza wao, mdogo wangu."

Sikubishana. Nilikuwa nimechoka kubishana na watu, sasa nianze na maiti? Nikashuka, nikaipiga nyundo pini inayoshika tela. Nikaipiga. Chini ya udongo kitu kikapiga pia. Mara moja. Nikapiga tena, nacho kikapiga. Pini ikatoka.

Nikageuka kumwita ashuke. Alikuwa tayari amesimama ukingoni, kajitanda khanga mwili mzima, hata uso hauonekani. Amenyoosha mkono. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, kwenye jua lile, na mzito. Alipokanyaga chini, lami ilitoa kishindo. Nikasema moyoni, kiu hiyo, imemlegeza. Nikampandisha kwenye lori, akaingia kitandani nyuma ya kiti, akavuta pazia.

Usukani ukakata kulia kwa kidole kimoja. Malori yote yakanifuata. Mbele kidogo watu wakaanza kuamka mmoja mmoja, wanaulizana tunaenda wapi na nani kamlaza mtoto juani. Nilicheka peke yangu. Tela nililiacha makutano, sikutazama nyuma.

Gongo la Mboto kisima kilikuwa na maji. Tukanywa, tukaoga, mtoto akapona. Dada Koku hakutoka nyuma ya pazia. Kila nilipomwekea maji sikusikia akinywa. Nilikasirika, nikadhani ananinunia kwa kumtenga na mumewe. Nikamwambia kupitia pazia kwamba nimemwokoa, na siku moja atanishukuru. Alikuwa anapumua tu, kwa nguvu.

Siku ya tatu akaja mwanamke kwa miguu, mtoto mgongoni. Anaitwa Samiha, ametoka Chang'ombe. Alisema mtaa wao haupo tena. Mchana, jua la utosi, tela liliteremka barabarani halina lori, likaingia katikati yao, likarudi, likaingia tena. Lilirudi mpaka wote wakanyamaza, wazee kwa watoto. Yeye alikuwa ameenda kutafuta kuni.

Nikamwuliza kama hakuona dereva.

"Kulikuwa na mwanamke juu," Samiha akasema, taratibu. "Kichwa wazi, midomo inatoka damu. Anataka kushuka, hawezi. Alikuwa anaita jina." Akatutazama mmoja mmoja. "Bupe ni nani?"

Nilitembea mpaka kwenye lori langu, nikafungua mlango, nikavuta pazia. Kitanda kilikuwa kitupu. Godoro limebonyea mpaka mbao za chini zimevunjika. Na chini, kuanzia ngazi ya lori, vumbini, kulikuwa na nyayo. Peku, kubwa, za mwanamume. Nikazifuata. Zimepita nyuma ya jiko, zimepita tulipolala, zimekwenda hadi ukingoni mwa kisima. Hakuna za kurudi.

Mzee Fredrick aliitisha kikao. Tukakaa kutwa nzima tunakitazama kisima. Maji mengine hayapo, wala dizeli ya kuyatafuta. Watoto wakaanza kulia kiu. Kikao kikaamua tunywe, na safari hii hata mie niliunyoosha mkono.

Nimekunywa. Ni maji matamu, sina la kuyasema. Samiha na mwanawe, wa mwisho wa Chang'ombe, wamekaa pale kivulini, hawamsumbui mtu. Tangu asubuhi nimekuwa nikiwatazama. Nimeishika nyundo, wala sikumbuki nimeichukua saa ngapi.