Maji Yaliyokuwa Safarini

Jua lilikuwa linazama nilipoteremka pwani na madumu yangu. Mimi ni kinyozi, habari za samaki sizijui. Ila binti yangu, tuliyempachika jina la Chiriku kwa mdomo wake usiopumzika, alikuwa amelilia samaki wa baharini mpaka mama yake akanikalisha kitako. Tangi la kioo nilishalipata. Yalibaki maji.

Mama muuza samaki wa mapambo alinielekeza vizuri, nisimsingizie. Chota maji yanapojaa, chuja kwa kitambaa, yafunike gizani mpaka uchafu utuame. Yanapokupwa usiyaguse, maana yanatoka na taka za nchi kavu. Halafu akacheka. "Na isitoshe, kinyozi, maji yanayoondoka yana safari yake. Wewe mteja akishaaga, unamrudisha kitini?"

Nilikuta yanakupwa. Nikasema maji ni maji. Ni uvivu tu, Mungu anisamehe, na hata sala ya jioni ilinipita nikijaza madumu.

Niliyachuja, nikayafunika stoo. Yalipong'aa nikayamimina kwenye tangi pale sebuleni, juu ya mchanga safi, nikawasha pampu ya hewa. Samaki tungewaleta baadaye.

Jioni iliyofuata nikakuta tangi limepungua nusu.

Sakafu kavu. Kioo kizima. Nikamlaumu mke wangu, naye akaniuliza kama nimeanza kunywa. Asubuhi maji yakawa yamerudi, yamejaa mpaka ukingoni.

Yalikuwa yanajaa na kupwa. Humo sebuleni kwetu.

Harufu ya mwani ikashika mapazia. Nikapiga magoti mbele ya lile tangi, nikaomba, lakini maneno yalikuwa yananikatika... kwa sababu kila yakipwa, mchanga wa ndani ulibaki na alama. Ndogo. Za nyayo. Zote zimeelekea upande wa bahari.

Na Chiriku alianza kunyamaza.

Nilipaswa kuyamwaga siku ile ile. Niliona aibu, majirani wangenicheka.

Kisha jioni moja nikarudi kutoka kazini, nikakuta tangi limekauka kabisa. Pampu inakoroma hewa tupu. Mlango uko wazi.

Nilikimbia bila viatu. Nikamkuta Chiriku pwani, maji yakimfika magotini, anatembea taratibu kama mtu aliyetumwa dukani. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi... na kitu kikawa kinamvuta upande wa pili.

"Baba, niache," alinong'ona. "Wenzangu wanaondoka."

Nililitaja jina la Mungu kwa sauti, nikamvuta mpaka tukaanguka wote mchangani. Nyuma yetu maji yakaendelea kupwa, bila wimbi, bila sauti.

Mama muuza samaki aliposikia, alikuja nyumbani mwenyewe. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Akasema tusubiri tangi lijae, tuyachukue, tuyamwage baharini yanapokupwa, yaende zake. Tukafanya hivyo. Mchanga, kitambaa, pampu, vyote vikaenda. Mke wangu akasuuza kioo kwa maji ya bomba huku akilia.

"Yamekwisha yote?" yule mama akauliza.

Nikasema yote.

Akamtazama Chiriku, akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, hukuyaonja?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Kidogo tu, bibi. Nilitaka kujua kama yana chumvi kweli."

Nilingoja yule mama acheke. Hakucheka. Alisimama, akachukua mkoba wake, akaniambia niombe sana.

Naomba. Chiriku sasa anaongea kama zamani, anamtania mama yake, anaimba bafuni. Maji yanapojaa. Yakipwa ananyamaza katikati ya neno, na uso wake unageukia ukuta ule ule. Jioni ninafunga mkono wake na wangu kwa mkanda wa aproni yangu ya kinyozi, tunakaa hivyo kitandani mpaka apate usingizi.

Leo ni bamvu. Bahari itakupwa mbali kuliko kawaida. Nimelifunga fundo mwenyewe, kwa mkanda mkavu, na nimeketi naye hapa bila kuondoka.

Nimeligusa sasa hivi.

Limelowa. Na limeanza kulegea.