Tufani ya Saa Mbili Asubuhi

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, meli mpya iliyokuwa ikijaribiwa katika karakana moja ya kisiwa cha Batam, Indonesia, ilijisukuma yenyewe ikagonga gati. Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha leso. Rangi ilichubuka, kahawa ya Kapteni Sugeng ikamwagika, na kabla ya saa tatu kapteni alikwisha kumtaja mhalifu: Yopi, fundi umeme wa Kimanado, aliyebadilisha waya wa kipima upepo Jumamosi na kugombana naye Jumapili. Mkuu wa karakana, Bwana Mulyadi, akazima mashine za kusukuma meli, akamnyang'anya Yopi kadi yake ya getini na kusema polisi wangefika saa sita.

Rotua Simarmata, mhandisi mwandamizi wa mifumo ya kuongoza meli, Mbatak ambaye hata akinong'ona husikika gati ya pili, aliomba apewe mpaka saa hiyo achunguze.

"Mama, mimi sikuharibu kitu," Yopi alimwambia. "Ningetaka kumkomoa kapteni, ningemtilia pilipili kwenye kahawa."

"Hilo usiwaambie polisi."

Rotua aliupima waya wa Yopi akaukuta mzima. Mshukiwa wa pili alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa programu ni kazi ya mikono yake. Aliipitia yote bila kujionea huruma, nayo haikuwa na kosa. Kumbukumbu ya mfumo ilionyesha kwamba meli ilihisi tufani ikivuma kutoka nchi kavu, ikajisukuma upande huo ili isipeperushwe. Ilikuwa imetii tu. Jumatatu, saa hizo hizo, ilihisi tufani ndogo zaidi. Jumanne mvua ilinyesha asubuhi nzima, na tufani haikuonekana. Rotua alicheka peke yake. Mhujumu gani huyu anayeogopa kulowa?

Akapanda paa la chumba cha usukani, kwenye mlingoti wenye kipima upepo, uliosimama nyuma ya bomba la moshi, mahali pasipoonekana kutoka gatini. Sakafuni palikuwa na punje za uwele. Bendera ilikuwa imekunjwa pembeni tangu Jumatatu. Kapteni alikuwa amewaambia watu wote kwamba kamba yake imeoza, lakini Rotua aliishika akaikuta mpya kabisa, tena imekazwa kana kwamba imebeba kitu. Akatazama juu, akakinga macho na jua, kisha akashuka akitabasamu.

Saa tano na nusu aliwaita Mulyadi, kapteni na Yopi kwenye chumba cha usukani. Akawaambia limebaki jaribio moja tu, la rada ya mlingotini. Akauliza kama kuna mtu juu. Kapteni akajibu kwamba hakuna.

"Vizuri. Nawasha."

"Ngoja kidogo, Mama."

"Ningoje nini? Si umesema hakuna mtu?"

"Usiwashe, nakuomba. Utamkaanga."

"Nitamkaanga nani, Kapteni?"

Kapteni akainamisha kichwa. Kutoka juu, tetere akalia mara tatu, sauti nzuri ajabu.

Anaitwa Kencana, kapteni akakiri. Mashindano ya sauti za ndege ni Jumapili, na tetere asipopandishwa juu kila asubuhi akapata jua na upepo, sauti yake hufifia. Hotelini hapakuwa na nguzo. Jumatatu alishuku kwamba tundu la ndege huyo linasumbua kipima upepo, kwa hiyo leo alilifunga upande wa pili akadhani yameisha. Rotua akamweleza kwamba kipima upepo hicho kinasikiliza hewa, na mbawa zikipiga karibu yake, kwake hiyo ni tufani.

"Na baada ya kugonga?" akauliza.

"Nilijua. Lakini ningechekwa Batam nzima."

"Ukaona afadhali Yopi alale rumande."

Asubuhi yote Rotua alikuwa akiona jambo hili ni la kuchekesha. Sasa alikasirika kwelikweli, na kapteni alilijua hilo bila kuinua macho.

Mulyadi akamkabidhi kapteni ile kadi ya getini na kumwambia airudishe mwenyewe. Kapteni aliinama akampa Yopi kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele yao wote.

Yopi aliigeuza kadi, akaifuta kwa shati. "Nyuma ya nyumba yangu kuna nguzo ndefu, Kapteni. Haina mashine hata moja. Mlete."

Jumapili Kencana alishika nafasi ya pili. Kipaza sauti kikaita jina la mlezi wake, kama kapteni alivyoliandikisha: Yopi Lumentut.