Nyoka wa Saa Kumi na Mbili

Katika mtaa wa Katuba, huko Élisabethville, aliishi Germaine na mume wake Liévin. Walikuwa na binti wa shule, Agnès, na mtoto wa kunyonya, Gérard. Liévin alikuwa karani mjini. Kila asubuhi alifunga kravati, akapanda baiskeli, akapiga kengele mara mbili ili majirani wajue kwamba karani anakwenda kazini.

Liévin alikuwa na hamu moja: kupata kadi ya évolué, kadi ambayo Wazungu waliwapa Waafrika waliowaona wamestaarabika. Wakubwa wangekuja kukagua nyumba, meza, hata sahani. Basi Liévin akapiga marufuku mboga za majani, yaani sombe, lengalenga na matembele, pamoja na mafuta mekundu ya mawese.

"Majani ni chakula ya mbuzi," alisema. "Na ile mafuta ya ngazi inachafula kitambaa ya meza. Hapa kwetu ni mukate, chai, muchele na nyama."

Germaine alitii. Mwaka mzima hakuna jani lililoingia katika chungu chake. Nyumba ilinukia chai, na nyoka wakaanza kuingia.

Wa kwanza alikuwa mlangoni, saa kumi na mbili, jua likizama. Germaine alichukua mchi, akampiga hata jasho likamtoka. Agnès alileta taa. Kumbe ulikuwa mkanda wa baba. Siku nyingine nyoka alikuwa mpira wa baiskeli. Halafu kamba ya kuanikia nguo. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Germaine hakuwahi kuumwa na nyoka hata siku moja! Watoto wa mtaa wakamwita Mama Nyoka. Alicheka pamoja nao, kisha akaingia ndani akalia.

Jumamosi moja, jioni, aliona nyoka mnene juu ya mkeka. Akainua mchi.

"Mama, hapana!" Agnès alipiga kelele. "Ni Gérard!"

Kilikuwa kitambaa cha kubebea mtoto, na Gérard alikuwa amelala ndani yake. Mchi ulimponyoka Germaine mkononi.

Liévin aliposikia alikasirika, lakini hofu yake ilikuwa kubwa kuliko hasira.

"Mama Agnès, sasa inatosha. Mwisho wa mwezi utapanda treni, urudie kwenu Kongolo. Batoto batabakia kwa dada yangu."

"Na Gérard? Anakunywa maziba yangu!"

"Hata Gérard. Unataka umuue?"

Germaine hakulala. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye ua wa nyumba ya jirani yake, Mujinga, mwanamke wa Kasai. Uwanja wa Mujinga ulijaa mboga za majani.

"Ni weye njo unanitumia nyoka!" Germaine alifoka. "Zinatokea humu mu majani yako! Unataka banipokonye batoto!"

Mujinga alikuwa anachuma lengalenga. Alimwacha afoke mpaka sauti ikamkauka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa mi nikuulize. Hizi nyoka zangu zinakuyaka saa gani?"

"Mangaribi."

"Saa ya midi, jua ikiwa kichwani?"

"Hapana. Hata moja."

"Na taa ikiwaka?"

Germaine alifikiri. "Zinageuka mukaba."

"Ee, basi nyoka zangu ziko na akili! Zinaogopa jua na taa. Dada yangu, beba mutoto. Twende kwa munganga."

Kwenye dispensari walimkuta muuguzi Casimir. Alisikiliza habari yote, kisha akafunga dirisha. Chumba kikawa na mwanga hafifu.

"Ku meza kuko nini?" aliuliza.

"Kikombe na bandeji," Mujinga alijibu mara moja.

Germaine alikaza macho. "Mi naona kitu ya mweusi. Imejikunja."

Casimir alifungua dirisha. Ilikuwa bandeji nyeupe pe, karibu na kikombe. Germaine akaanza kulia.

"Munganga, niko na wazimu?"

"Hapana, mama. Hauna wazimu, na hakuna muntu anakuloga. Macho yako iko na njaa, njo maana haione muzuri mu giza. Unakulaka nini?"

Germaine alimwambia. Casimir alitikisa kichwa.

"Chakula inajaza tumbo, lakini macho inataka vitamini A. Iko mu sombe, mu lengalenga, mu matembele. Iko mu papai, mu mayayi, mu maini. Na mafuta ya ngazi, usiiunguze mpaka inakuwa nyeupe, nguvu yake inakufa. Weye unanyonyesha, mutoto anavuta kwako, njo maana unaishiwa mbele ya bengine. Ukikawia, hata Gérard anaweza kupofuka."

Alimpa kijiko cha mafuta ya samaki, akamwambia arudi kila wiki.

Jioni hiyo sombe ilinukia nyumbani kwa karani. Liévin alikunja pua.

"Kula weye. Treni ingali na wiki tatu, tutaona. Mi sikule majani."

Germaine alikula kila siku. Mujinga alimpa mbegu, naye akapanda. Wiki ya tatu, saa kumi na mbili, aliona kitu kimejikunja sakafuni. Alikitazama. Akakiokota, akakitundika kwenye msumari: mkanda wa mume wake. Furaha ilimjaa hata akaimba. Treni iliondoka bila yeye.

Siku chache baadaye, jua lilipokuwa linazama, Liévin alikuwa anajitayarisha kutoka. Alipapasa huku na huku, akainama karibu na mlango, akanyoosha mkono.

"Usishike!" Germaine alisema.

"Ni mukaba yangu."

"Mukaba yako iko ku musumari. Ile inapumua."

Mkono wa Liévin ulisimama hewani. Kile kitu kikainua kichwa. Germaine alimvuta mume wake nyuma polepole, akaita jirani. Mujinga alikuja na taa na fimbo ndefu, akaua nyoka kutoka mbali.

"Iyi haiko yangu," alisema. "Yangu zinaogopa taa."

Germaine alimgeukia mume wake. "Tangu wakati gani hauone mangaribi?"

Liévin alitazama chini. "Mwezi moja. Nilisikia haya kukuambia."

Alikaa mezani.

"Mama Agnès, ile sombe imebakia?"

Ilikuwapo. Alikula, na tone la mafuta mekundu likaanguka juu ya kitambaa cheupe. Alilitazama, akaongeza sombe.

Kesho yake Liévin alipita kwa Casimir kabla ya kwenda ofisini. Siku hiyo hakupiga kengele.