Ondoa Mvumo Tu

Mchana ule fundi redio alikuwa na kazi za kawaida kabisa: feni ya kinyozi iliyokwama, na pasi ya jirani iliyoanza kutoa moshi. Mtaani walimwita Valvu, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayezielewa redio za kizamani, zile zenye valvu, taa za kioo za ndani ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo redio iseme. Vijana walimtania kwamba anatibu maiti. Yeye aliwajibu kwamba maiti zake angalau huamka, ila simu zao zikishakufa ndiyo buriani.

Dada yake mkubwa akaingia amekumbatia kisanduku cha bati kilichofungwa kwenye shuka. Hakusalimia. Alikiweka mezani polepole, akakifungua, akasimama na mikono yake tumboni.

Fundi alikifahamu. Shemeji yake, mume wa huyu dada, alikuwa nyapara mgodini. Kule chini mwamba humeza kila sauti. Kinachopenya ni mawimbi mazito ya polepole, ambayo redio peke yake haiyasikii. Kisanduku hicho kilikaa juu, katika chumba cha mawasiliano. Kazi yake ilikuwa kuyadaka mawimbi hayo na kuyapandisha mpaka pale redio ya valvu inapoweza kuyasikia. Kila alasiri zamu inapokwisha, shemeji aliita watu wake mmoja mmoja kwa majina yao ya utani, nao wakaitika, ili walio juu wajue wote wapo.

Halafu paa la mgodi likaporomoka, yeye na watu wake wakiwa chini. Wakubwa walisikiliza redio, wakasema hakuna kitu ila mvumo. Moshi ulipoanza kutoka, wakawakusanya wake wa wachimbaji. Waliwaambia kwamba walio chini wamekwisha kufa, na shimo lisipozibwa moto utaula mgodi mzima, wakawauliza kama wanakubali lizibwe. Wanawake walilia tu, hakuna aliyetaka neno hilo litoke mdomoni mwake. Dada ndiye aliyesimama. Alisema anakubali, waume zao wapumzike. Wenzake wakamfuata, na zege likamwagwa. Wakubwa walimpa mkono wakamwita mwanamke jasiri. Sifa hazina gharama, wangempa hata na nyingine.

Miaka ikapita, mgodi ukauzwa vipande vipande kama chuma chakavu. Dada akaomba kile kisanduku na redio yake, kwa ukumbusho. Akaviwasha nyumbani, na alasiri moja, katikati ya mvumo, akamsikia mumewe. Hakusikia maneno, alisikia sauti tu, laini, kama mtu anayeongea usingizini. Maneno aliyajaza mwenyewe. Alisema mumewe anamwambia amepumzika, anamshukuru. Mwanamke aliyekuwa akishindia chai ya rangi akaanza kula, akanawiri, akarudi kucheka na majirani.

Fundi hakuwahi kuamini. Aliona ni kituo cha mbali kinachojipenyeza. Lakini dada huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alimfundisha hata kufunga kamba za viatu. Kama ni uongo, basi ni uongo unaomlisha dada yangu, alijiambia, mimi nani niuguse?

Sasa mvumo ulikuwa umezidi, umeimeza ile sauti. Dada alimshika mkono.

"Ondoa mvumo tu, mdogo wangu. Kingine chochote usiguse. Sauti iache kama ilivyo."

Akaitikia. Na siku ile ile alifanya kama alivyoambiwa. Kapasita kubwa ya umeme ilikuwa imekauka, ndiyo iliyoleta mvumo. Akaitoa, akatia mpya. Akakiunganisha na redio yake ya dukani, akangoja valvu zipate moto. Mvumo haukuwepo. Ilipofika alasiri, akasikia mtu akinong'ona, mbali, kama yuko nyuma ya godoro. Akasogeza sikio. Akajicheka kidogo, akazima.

Pale pale angefunga skrubu zake akapeleka mzigo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini fundi ni fundi. Alikuwa ameona ndani mna koili, ule msokoto wa waya unaodaka mawimbi, iliyohama mahali pake, na kapasita nyingine ya karatasi inayovuja nta. Usiku alijigeuza kitandani akiiwaza ile koili. Fundi gani anarudisha kazi nusu? Kesho watu watasema Valvu siku hizi analipua. Dada alikuwa amemwonya kwa mdomo wake, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Asubuhi akakifungua tena. Akabadilisha kapasita, akaisafisha koili, akaigeuza skrubu yake nywele kwa nywele mpaka kila kitu kikakaa sawa. Akakaza kifuniko, akaenda nacho kwa dada akipiga mluzi.

Dada alikuwa amefagia chumba, amevaa gauni lake zuri, ameweka viti viwili mbele ya redio. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani. Nje, watoto walikuwa wakigombania mpira. Akawasha kwa mkono wake mwenyewe.

Valvu zikapata moto. Kukawa kimya, kimya safi, na fundi akajisikia fahari.

Kisha mtu akakohoa.

Dada akatabasamu. Kikohozi kile alikijua.

"Ndevu," sauti ikaita. Haikutoka mbali tena. Ilikuwa chumbani.

"Nipo," mtu mwingine akaitika.

"Kinyonga."

"Nipo."

"Mwalimu." Kimya. "Mwalimu kalala. Mtikiseni."

Tabasamu la dada lilikuwa bado usoni, limesahaulika pale. Fundi alitaka kunyoosha mkono azime. Akachelewa.

"Walio juu," shemeji akasema. Alikuwa akihema. "Tunawasikia. Mnaleta zege. Msizibe. Tuko hai. Muiteni mke wangu, muulizeni yeye. Mke wangu hawezi kukubali."

Akairudia. Mke wangu hawezi kukubali. Aliisema bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejua vizuri nyumba yake.

Dada hakulia. Alimgeukia mdogo wake taratibu.

"Nilikwambia uondoe mvumo tu," alisema.

Fundi akaanza kubabaika. Alisema hayo ni mawimbi ya zamani, yamezunguka ardhini miaka yote, ndiyo kwanza yanafika sasa, hakuna mtu kule. Hata yeye hakujiamini. Na kabla hajamaliza, ile sauti ikakatiza.

"Nani anaongea hapo?"

Kisanduku kile kinapokea tu. Hakina mahali pa kusemea. Hakijawahi kuwa napo, yeye mwenyewe alikuwa amekifungua mpaka skrubu ya mwisho.

"Mke wangu? Ni wewe?"

"Ni mimi," dada akanong'ona.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambiaje?"

Fundi alimtikisia kichwa dada yake. Alimsihi kwa macho. Danganya, dada, danganya tu. Nje mpira uligonga ukuta, watoto wakapiga kelele, kisha wakanyamaza.

"Nilikubali," dada akasema. "Nilikuwa wa kwanza."

Kule chini walisikika wanahema. Wengi. Kisha mmoja akaacha, na mwingine akaacha, mpaka pakabaki ule ukimya safi ambao fundi alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake.

Kuanzia hapo sauti haikurudi. Kila alasiri dada aliwasha, akaketi, na redio haikutoa hata mchakacho. Alimwita mumewe. Alimwomba radhi. Alimweleza kwamba alidhani anawasitiri, kwamba angejua asingesema, kwamba na yeye alikuwa na hofu. Akaacha kula. Majirani walipobisha hodi hakufungua. Fundi alimletea uji akamlisha kwa kijiko kama alivyolishwa yeye zamani, nao ukamtiririka kidevuni.

"Rudisha mvumo," alimwambia siku moja. "Nirudishie kama kilivyokuwa, mdogo wangu. Sitaki kusikia neno. Nataka nisikie tu kwamba yupo."

Kumbe hata fundi anaweza kuombwa aharibu. Alikubali kwa uchungu, tena upesi. Kapasita zile mbovu bado alikuwa nazo dukani. Koili angeisogeza. Alitaka kukibeba kisanduku kwa mkono mmoja kama siku zote, kikamvuta chini akapiga goti sakafuni.

Alikipeleka dukani kwa mkokoteni. Skrubu zilikuwa zake, amezikaza mwenyewe, hazikuwa na mkwaruzo. Kisanduku hakikuwahi kutoka machoni pa dada. Akafungua kifuniko.

Kilikuwa kimejaa zege mpaka ukingoni. Zege bichi. Valvu, koili, waya, vyote vilikuwa humo chini. Na juu mtu alikuwa amelisawazisha kwa kiganja. Ile mistari ya vidole ilionekana wazi.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikwenda kwa mteja akasema nimeshindwa. Hakutaka kueleza, lakini dada alimtazama tu mpaka akayasema yote. Alimsikiliza bila kushtuka.

"Wameziba," dada akasema.

Akainuka, akageuza kiti chake kikaelekea ukutani, akaketi. Hajaongea na mtu tena. Akiulizwa jambo, anaitikia kwa kichwa kwamba amekubali. Lolote.

Kisanduku kipo dukani mpaka leo, chini ya meza. Zege lake halijakauka. Ukilibonyeza kwa kidole, alama inabaki. Ukirudi baadaye kidogo, utakuta limesawazishwa.