Nilimwachia Nywila Yangu, Akanizika Siku Niliyomzika Mama

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mwalimu wa elektroniki katika chuo kimoja mjini Musoma. Nimezoea kulipima neno kabla ya kulitamka. Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, nikisema kwamba nilisalitiwa, fahamu kuwa neno hilo nimelipima kwa miezi mingi...

Chuo chetu kilikuwa kikitengeneza kifaa cha kulinda friji za chanjo vijijini. Moyo wake ni chipu moja yenye kazi nyingi: hupima joto, huchaji betri, hutunza saa, hupiga king'ora. Nilipokabidhiwa, viendeshi vyake, yaani programu zinazoiamuru chipu, vilikuwa vimerundikwa katika faili moja kama nguo chafu. Nilitumia mwaka mzima kuvipanga. Kila kazi niliipa kiendeshi chake. Juu yao niliweka kiendeshi mama, ambacho peke yake kiliruhusiwa kuzungumza na chipu. Vingine vyote vilisubiri zamu. Kanuni ndogo, lakini ndiyo iliyoshikilia kila kitu!

Msaidizi wangu alikuwa Wambura. Nilimfundisha tangu hajui lolote. Alikula mezani kwangu, na mama yangu alimwita mwanawe.

Mama alipofariki, maonyesho ya kifaa mbele ya wageni yalikuwa yamekaribia. Kabla ya kuondoka kwenda Mugeta kuzika, nilimtajia Wambura nywila yangu, yaani neno la siri la kufungulia faili, ili aikague kazi, asibadilishe chochote.

"Nenda ukamzike mama, dada," alisema. "Mimi nipo."

Siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mbichi, alinipigia simu akilia. "Mama alikuwaga ananipenda sana, dada!" Mimi mfiwa ndiye niliyembembeleza...

Maonyesho yalipita vizuri, na vifaa vya kwanza vikafungwa kwenye friji za zahanati. Majuma matatu baadaye, muuguzi wa zahanati moja karibu na Butiama alinipigia.

"Mwalimu, friji lenu lina adabu kweli! Umeme umekatika tangu juzi, chupa zimekuwa chai, lenyewe linasema nyuzi nne. Hata nikilianika juani litasema nne!"

Nilipofika, kina mama walikuwa wakirudi makwao, watoto mgongoni, bila chanjo. Ningewaangalia kwa uso gani?

Nilifungua faili. Kanuni ya kusubiri zamu ilikuwa imeondolewa ili skrini ionekane nyepesi mbele ya wageni! Viendeshi viliisemesha chipu kwa pamoja, na volti nne za betri zikasomwa kama nyuzi nne za joto. Kumbukumbu ya mabadiliko ilikuwa na jina langu: siku ya mazishi, saa nane mchana. Nikatazama simu yangu. Wambura alikuwa amenipigia saa nane na dakika sita. Kumbe alinililia huku vidole vyake vikibomoa kazi yangu!

Kikao kiliitwa. Wambura alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. "Simlaumu dada. Alikuwa na msiba. Lakini jina ni la kwake."

Nilionyesha kwamba saa ile nilikuwa makaburini.

"Basi nani alikuwa na nywila yako, mwalimu?" aliuliza mkuu wa idara.

Ili nijitetee, ilinibidi nikiri kwamba nilivunja sheria niliyoiandika mwenyewe: nywila haipewi mtu mwingine. Nilikiri. Wambura akashangaa mbele ya wote: "Mimi, dada? Ulinipa lini?"

Nilimpa kwa mdomo. Mimi ninayeandika kila kitu, hilo sikuliandika popote...

Mradi nilinyang'anywa, akapewa yeye. Kabla ya kukabidhi, niliirudisha ile kanuni kwa mkono wangu, nikaijaribu siku mbili mfululizo, kwa sababu watoto wale hawakunikosea. Siku chache baadaye Wambura alipongezwa mbele ya chuo kizima kwa kulirekebisha kosa langu. Alinitumia ujumbe: "Asante dada, sasa kinafanya kazi."

Ndugu msomaji, mfundishe msaidizi wako, mlishe, mpende. Lakini usimpe jina lako alitumie usipokuwepo, hata kama unaondoka ukilia! Kazi yangu ingeweza kulala siku nne tu, hadi nirudi. Hakuna aliyenikataza kuiacha ilale. Ni mimi niliyeamini kwamba haiwezi.