Mapipa Mia Nane

Risasi ilimkosa kwa unywele, ikatoboa pipa.

Kalamu alijitupa sakafuni, bastola ya Beretta mkononi, akasubiri mafuta yamwagike. Ghala zima lilikuwa la mafuta ya kupikia, mapipa mia nane, mali ya kampuni ambayo saa nne asubuhi hiyo ingeanza kuuza hisa kwa umma.

Yakamwagika maji.

Alichovya kidole, akaonja. Maji matupu. Risasi ya pili ikatoboa pipa jingine. Maji tena.

Aibu ilimfika kabla ya hofu. Mapipa hayo aliyakagua mwenyewe. Mwezi uliopita Idara ya Usalama ilimpachika humo kama mkaguzi wa hesabu, kazi aliyoisomea kabla ya kujua bastola, achunguze kama kampuni ni nzima au ni mtego wa wageni watatu walioimiliki. Mtunza ghala akamletea kiti na soda baridi. Kalamu akakaa. Akagonga mapipa ya mbele, yakaitika kwa sauti nzito, akaandika "yamejaa". Hakufungua hata moja. Vitabu vilionyesha faida ikipanda kila mwaka na benki hakuna kitu. Hilo nalo aliliona, akajiambia wateja watalipa tu.

Mtu mzima ovyo!

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni. Alikuwa Mkuu wake, aliyemrudisha ghalani baada ya kunasa simu ya wageni wakikata tiketi za ndege.

"Kalamu, vipi?"

"Napigwa risasi."

"Wangapi?"

"Mlinzi mmoja." Akafyatua. Bunduki ikaanguka, mlinzi akashika bega akilia. "Nimemaliza. Mkuu, mapipa yana maji."

Karatasi zikachakarika redioni.

"Ripoti yako inasema mafuta."

"Najua."

"Wanaruka saa saba na hela za watu. Soko la hisa linaifuata ripoti yako, haliifuati Idara. Nenda kaseme."

Alijaza maji chupani, akarukia pikipiki yake ya Yamaha. Njiani simu ikalia. Ni dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, aliyemlea tangu mama yao afariki. Kwake yeye Kalamu alikuwa mkaguzi tu.

"Mdogo wangu, niko foleni ya hisa na kiinua mgongo changu chote! Nimekuja na wenzangu wanne wa wodini. Nimewaambia, kampuni hii kaikagua mdogo wangu."

"Dada, usitoe hela!"

"Nini? Kelele huku, sikusikii!"

Ikakatika. Kalamu akakaza mwendo.

Ukumbi wa soko ulifurika. Wageni watatu walisimama jukwaani wamevaa suti. Msimamizi wa soko, mama mwenye miwani, alikuwa ameshika kengele ya kufungulia mauzo.

"Mama, usipige!" Kalamu akapaza sauti.

Mkurugenzi, mmoja wa wale watatu, akatabasamu, akainua karatasi. "Mkaguzi ametupa ripoti safi. Hii hapa saini yake."

Kalamu angeweza kusema mkaguzi alihongwa. Uongo ulishamfika mdomoni, mtamu kabisa. Kisha akamwona dada yake mbele ya foleni, mkoba kifuani, anampungia mkono kwa fahari.

"Saini hiyo ni yangu," akasema. Masikio yalimwaka. "Sikufungua pipa hata moja. Nilikalia kiti chao, nikanywa soda yao, nikaandika walichotaka."

Mtu akacheka nyuma. Kalamu akapanda jukwaani, akaweka chupa mezani kwa msimamizi.

"Mafuta yao ndiyo haya."

Mkono wa mkurugenzi ukazama ndani ya koti. Kalamu alikuwa mwepesi zaidi; akampinda mkono, kifundo kikalia, bastola ya Glock ikadondoka. Makachero wa Idara, waliotumwa na Mkuu, wakafunga milango. Msimamizi akanusa chupa, akaiweka kengele chini.

"Hakuna mauzo leo."

Pingu zikalia. Kalamu akarekebisha kola, akashuka jukwaani. Dada yake alimsubiri. Mkono ulikuwa umeshuka.

"Hata moja, mdogo wangu?"

"Hata moja, dada."

"Na mimi nilivyokusifia."

Hela yake alikuwa nayo bado, nzima, mkobani. Hakuitaja. Aliwageukia wale wanne wa wodini aliokuja nao.

"Jamani," akawaambia, "nisameheni mimi."

Kalamu akageuka kuondoka. Makachero wakampigia saluti mlangoni. Alipita katikati yao bila haraka, kifua mbele kama alivyofundishwa, na hakuthubutu kumtazama mtu usoni.