Spana ya Baba Ilitoka Bila Kiatu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, naishi Iguguno, na watu wa hapa huniita Mama Spana. Mume wangu yu hai. Anakula, anashiba, na nasikia siku hizi anapaka nywele rangi nyeusi. Lakini ukiniuliza habari za ndoa nitakujibu kwamba mimi ni mjane, na aliyenifanya mjane ni yeye mwenyewe... Naandika haya kwa uchungu, ila dharau ndiyo nyingi zaidi, na siombi radhi.

Nianze na baba. Marehemu baba alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Sekenke tangu ujana wake. Machimbo yalipofungwa, wenye mali waliondoka na dhahabu yao, na baba akarudi nyumbani na spana. Ndiyo, spana! Hicho ndicho kilikuwa kiinua mgongo chake. Ilikuwa nyeusi, ndefu kama mguu wa mtu mzima, nzito ya kumtoa mtu jasho, na kinywa chake kingeweza kumeza ngumi. Baba aliuvisha mpini wake ngozi ya ng'ombe, akaishona kwa mkono ili isiteleze. Mama alimcheka mpaka akachoka. Wanaume wenzake walirudi na mabati, yeye akarudi na chuma cha kuweka uvunguni.

Kicheko kilikuja kwisha miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa, mitambo yake inauzwa kwa yeyote mwenye uwezo. Mimi na mdogo wangu Yona, ambaye ni fundi, tuliuza ng'ombe wa urithi wetu tukanunua mashine ya kukamua alizeti kutoka kiwanda kilichokufa. Tuliikuta imenyofolewa kila kilichobebeka. Hata spana yake ilikuwa imeondoka na wajanja.

Anayezijua mashine zile anaelewa msiba wetu. Mwisho wa shafti kuna nati moja kubwa. Ukiikaza, alizeti inabanwa na mafuta yanatoka. Mashine ikikabwa na maganda, huna budi kuilegeza nati hiyo ndipo uisafishe. Bila spana inayoienea, umenunua chuma cha kuku kutagia chini yake. Basi Yona akakumbuka ya baba, akaiburuta kutoka uvunguni, akaivisha kwenye nati. Ikakaa kama kofia kwenye kichwa cha mwenyewe. Nililia palepale, wasomaji, maana mama alikuwa amekwisha kufa bila kuona alichokuwa anakicheka.

Habari zikaenea. Lori likiharibika mlimani, wanakuja kwangu. Mwenye mashine ya kusaga akikwama, anakuja kwangu. Sikumnyima mtu, ila niliweka sharti moja: anayeondoka na spana anaacha kiatu kimoja cha mguuni mwake. Mtu mwenye kiatu kimoja haendi mbali! Ilikuwa kawaida kumkuta dereva mzima anachechemea pale barabarani, mguu mmoja una buti na mwingine peku, na watu wakimwona wanasema huyo kaazima spana ya mama. Haikupotea hata mara moja, mpaka alipoishika mume wangu.

Elieza alikuwa mwanaume mzuri wa sura, hilo simnyimi. Alipenda kila kitu kinachong'aa: saa, miwani, kalamu ya kuchomeka mfukoni asiyoandikia. Kwenye mashine yetu alijiita meneja. Kazi ya umeneja ilikuwa kukaa kivulini na redio, shati jeupe halijawahi kuguswa na tone la mafuta, akiwaelekeza watu mahali pa kuweka magunia waliyokwisha kuyaweka. Yona alikuwa anashinda chini ya mashine. Mimi nilishinda kwenye mapipa. Yeye alishinda anatoa vumbi kwenye viatu.

Kazi yake pekee ya kweli ilikuwa kwenda Singida mjini kununua mikanda ya mashine. Mikanda ilianza kuwa migumu kupatikana... Alikuwa anakwenda asubuhi kurudi jioni, ikawa analala huko, ikawa analala tena. Nikimuuliza, ananiambia biashara ya soko huria inataka subira, mimi wa kijijini siwezi kuielewa. Hebu niambieni, mkanda wa mashine ndio wa kumlaza mtu mjini?

Siku moja nikatoka kanisani nikakuta spana haipo mahali pake. Elieza akasema kaiazima dereva wa lori lililokwama mlimani. Nikamuuliza kiatu kiko wapi. Akacheka, akasema dereva ni mtu mzima mwenye heshima zake, angemvuaje kiatu? Alisema desturi zangu zinamtia aibu mbele ya watu waliostaarabika. Lori halikurudi, na spana haikurudi. Yona alinitazama, mimi nikatazama chini, kwa sababu aliyesema ni mume wangu.

Na alizeti ilikuwa inakaribia kuvunwa. Tulihitaji spana nyingine, na haraka. Yona alishauri jambo jepesi: akate kijiti, akipime kutoka ubapa mmoja wa nati hadi ubapa wa pili unaoutazama, mtu aende nacho mjini akaingize kwenye vinywa vya spana mpaka apate kinachokubali. Mjini kulikuwa na wazee waliokuwa wanauza vyuma vya karakana zilizofungwa. Spana zao zilikuwa mbaya kwa sura, za bei ya chini, na zilikuwa zimefanya kazi miaka.

Elieza akakataa. Alitoa kamba ya katani, akaizungusha nati kiunoni, akafunga fundo. Ndivyo wanavyopima kifua cha dume mnadani!

"Mimi nimepima madume tangu sijaota ndevu," alimwambia Yona. "Nati ndiyo itanishinda?"

Mnaona, wasomaji? Dume ni la mviringo, nati ina pembe. Hata mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo angejua tofauti. Lakini meneja alipanda basi na kamba yake mfukoni, na akalala mjini kama kawaida.

Alirudi na spana iliyofungwa kwenye gazeti kama zawadi ya harusi. Ilikuwa inang'aa! Ukiinamia unaona meno yako. Wakati ule maduka yalikuwa yamefurika vitu vya nje, na sisi tuliokuwa tumepanga foleni ya sabuni miaka mingi tulidhani kila kinachong'aa ni kizuri. Watu walikuja kuitazama. Mwanamke mmoja alijirekebisha kilemba mbele yake. Elieza akawaeleza jinsi alivyobishana bei mpaka mwenye duka akasalimu amri, na akasema mambo ya vyuma vyeusi vya wakoloni yamepitwa na wakati.

Yona aliivisha kwenye nati. Ikacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

Unadhani meneja aliona haya? Alikata kipande cha bati la debe, akakichomeka katikati ya kinywa na nati, akasema sasa imebana. Yona alimwambia kwa adabu, "Shemeji, hii itatuumiza." Elieza akamjibu kwamba fundi asiyeweza kutumia kipande cha bati aende akachunge mbuzi.

Tukafanya kazi na bati. Kila tukilegeza nati, spana ilikuwa inateleza kidogo na kuzila zile pembe, mpaka nati ikaanza kuwa mviringo kweli, labda kumfurahisha mwenye kamba yake. Msimu ukafika. Magunia yalijaa uani mpaka barabarani, watu wametoka mbali na punda, wengine wamelala juu ya mizigo yao. Na adhuhuri moja, jua la utosi, mashine ikakabwa.

Yona alizima injini, akavuta spana. Haikusogea. Akavuta tena, kinywa cha spana kikaanza kupanuka mbele ya macho yetu, chuma kinafunguka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Yona akasema tuache, tukatafute nyingine. Elieza alikuwa amesimama na watu wanamtazama, na hakuna kitu alichokiogopa kama kuonekana ameshindwa. Akaamuru bomba lichomekwe kwenye mpini ili uwe mrefu, na Yona autundikie uzito wake wote.

Mbona hukutundika wako, Elieza? Shati lingechafuka?

Ilikatika. Sauti yake ilikuwa kavu, kama chungu kinachoanguka. Yona alikwenda chini na bomba mkononi, mkono wa kulia ukaingia kati ya bomba na fremu ya mashine... Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba nilivua kanga nikaufunga mkono wa mdogo wangu, na kanga haikutosha. Pale alipoangukia kulikuwa na kipande cha spana, nikakitazama mahali kilipokatikia. Ndani hakukuwa na kung'aa kokote. Kulikuwa na chengachenga za kijivu, kama uji uliokauka kwenye sufuria. Kilikuwa chuma cha kumimina kwenye kalibu, kimepakwa uzuri juu juu.

Hospitalini, Singida mjini, walimkata Yona vidole, wakamwachia gumba na kidole cha pili. Fundi! Kijana aliyekuwa anaweza kuifungua injini gizani! Nilikaa kando ya kitanda chake, na meneja hakutokea. Alituma salamu kwamba yuko madukani anatafuta spana nyingine. Wenye magunia walipakia alizeti zao kwenye punda, wakaondoka mmoja mmoja, na siwezi kuwalaumu.

Kuna mama mmoja alikuwa ananunua mashudu kwangu kulisha ng'ombe wake wa maziwa huko mjini. Alikuja hospitali kumpa Yona pole. Katika kuzungumza akasema haelewi kwa nini tulihangaika na spana mbovu, wakati yetu ameiona kwa Mama Tatu, mwenye mashine ya mafuta kule mjini. Alidhani tumemuazima. Nikamuuliza ameijuaje. Akasema mpini una ngozi ya ng'ombe.

Niliaga, nikatoka, nikaenda kwa miguu mpaka kwa Mama Tatu, na njia nzima nilikuwa naomba nikute ni ngozi nyingine.

Spana ya baba ilikuwa inaning'inia ukutani, imepanguswa vizuri. Chini yake, kwenye mkeka, alikaa Elieza amejifunga kanga kiunoni, anakunywa chai ya maziwa. Viatu vyake vyote viwili vilikuwa mlangoni, vimepakwa rangi. Aliponiona alisimama nusu, akakaa, akasimama tena.

"Mama Neema," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "usinitie aibu kwa watu."

Mama Tatu alitoka jikoni. Alikuwa mjane wa makamo, mchapakazi, mikono yake ina mafuta kama yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alinikaribisha kwa heshima, akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mwenye spana ile. Akamgeukia Elieza.

"Aliniambia ni yake," akasema taratibu. "Aliniambia ni urithi wa baba yake."

Hapo ndipo niliponyongeka, wasomaji wenzangu. Wanawake wa nje ningevumilia, kuna wengi wanavumilia. Lakini alichukua jasho la baba yangu, miaka yote ile ya kushuka shimoni Sekenke, akalivaa kama anavyovaa ile saa yake! Na mdogo wangu amelala hospitali na vidole viwili, kwa sababu meneja alitaka kuonekana ana urithi.

Sikulia mbele yake, alikuwa hastahili. Nilipanda kwenye kigoda nikaishusha spana, nikaiweka begani. Elieza akaanza kueleza habari za soko huria na ushirikiano wa kibiashara. Mama Tatu akaniuliza, "Dada, na huyu je?"

Nikamjibu, "Kwetu anayeondoka na spana anaacha kiatu. Kiatu changu ndicho hicho."

Nikarudi Iguguno. Nati ilikuwa imeliwa mno, ikabidi ikatwe kwa tindo na mpya ichongwe, na msimu ule ulipita hatuna kitu. Tulikula mlenda mtupu. Lakini mashine ilikuja kufufuka, na Yona sasa anafundisha wengine kwa mdomo na vidole viwili, na wanamsikiliza.

Ndugu zangu, hasa akina mama mnaoanza biashara za mashine, nawasihi msipite nilipopita. Ukitaka spana kubwa na uwezo wako ni mdogo, usione haya kununua chuma cheusi cha karakana ya zamani. Kinyanyue usikie uzito wake. Kigonge, kikilia kwa sauti ndefu kama kengele kina afya, kikijibu kama chungu kiache hapohapo. Kikwaruze uone kama rangi ya ndani ni ile ya nje. Nenda na kijiti, si kamba, na kinywa kinachohitaji bati si cha nati yako. Na mwanaume mpime hivyohivyo kabla hujamkabidhi funguo, maana mimi nilimpima kwa macho tu.

Huu ni mwaka wa ngapi sijui, na watu bado wanakuja kuazima, na uvunguni kwangu bado kuna viatu vya mguu mmoja mmoja. Mama Tatu ameniletea ujumbe mara kadhaa kwamba niende nikachukue rehani yangu, inakula sana na haifanyi kazi. Namjibu kwamba spana bado naitumia.